Pikipiki Mpya Nyumbani: Tuhesabu Mwezi Mbaya Kwanza

Likasi, Haut-Katanga. Kuna swali linalorudi sana katika familia za makanisa yetu tangu mwisho wa mwaka 2025: je, huu ndio wakati wa kununua pikipiki? Hapa Likasi tunaiita moto. Ninyi ndugu wa Goma, Bukavu na Butembo mnasema piki. Jina ni mbalimbali, lakini shida ni moja. Baba anaiona dukani, anauliza bei, anarudi nyumbani na furaha, na mama anauliza: tutakula nini?

Swali la mama si kukosa imani. Ni swali la hesabu, na Bwana Yesu mwenyewe alilisimulia katika Luka 14, habari za mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza kuhesabu gharama. Katika makala hii tutaketi pamoja na kuhesabu.

Kwa nini swali hili linakuja sasa

Sababu ya kwanza ni franga yetu. Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepita 2,600, na katika nusu ya kwanza ya 2025 ilikuwa juu ya 2,800. Kisha, kuanzia Septemba na Oktoba 2025, franga ilipanda nguvu kwa haraka, na dola ikashuka mpaka chini ya 2,500. Pikipiki inauzwa kwa dola. Mwalimu na muuguzi wanalipwa kwa franga. Basi pikipiki ya dola 1,300, iliyokuwa franga 3,705,000 wakati dola ilikuwa 2,850, ikawa franga 2,990,000 dola ilipofika 2,300. Mtu anaona amepata punguzo la franga zaidi ya 700,000 bila kufanya lolote. Ndiyo maana wengi wanasema: tununue sasa, kesho itapanda tena.

Lakini kuna upande wa pili. Unga, mafuta ya kula na sabuni havikushuka sokoni kwa haraka kama dola ilivyoshuka. Anayepata dola, kwa mfano kijana anayefanya kazi katika kampuni ndogo ya migodi, aliona dola zake zinanunua vitu vichache kuliko zamani.

Tena, mwaka 2025 haukuwa mwaka wa kawaida kwa watu wa kobalti. Bei ya kobalti duniani ilikuwa imeanguka sana, na mwezi wa Februari serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Tangu 16 Oktoba 2025 kobalti inatoka kwa kiasi kilichopimwa: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inaishi kwa migodi. Malori yakipungua, mwenye mgahawa, fundi wa magurudumu na mpangishaji wa nyumba wote wanahisi.

Kwa hiyo tuko katika wakati ambapo bei ya pikipiki inaonekana nzuri, na mapato ya nyumba nyingi hayana uhakika. Hapo ndipo mtu anaweza kukosea sana.

Tshangalele inatufundisha nini

Ziwa Tshangalele halikuwapo zamani. Lilitokea kwa sababu ya bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira, penye kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Ziwa lilizaliwa na kiwanda, lakini leo linalisha watu. Samaki wa Tshangalele wanafika masoko ya Likasi na Lubumbashi, wabichi na wakavu, juu ya baiskeli, juu ya moto na ndani ya magari. Wamama wengi wa makanisa yetu wanasomesha watoto kwa samaki hao.

Kazi hii ina msimu. Kila mwaka, katika miezi ya mvua, serikali ya jimbo inafunga uvuvi ili samaki wazae. Mama muuza samaki anajua kwamba miezi hiyo kikapu kinakuwa chepesi. Anaweza kuuza vitumbua, mboga au samaki wa baridi kutoka mbali, lakini faida si ile ile.

Ninyi wa Kivu mnaolima mnajua jambo hilo kwa njia nyingine: kuna mwezi wa mavuno na kuna mwezi wa njaa. Mwalimu anajua mwezi ambao mshahara umechelewa. Kila nyumba ina mwezi wake mbaya. Na hili ndilo neno kubwa ninalotaka tulishike: pikipiki inanunuliwa katika mwezi mzuri, lakini inalipwa katika mwezi mbaya. Muuzaji atakuuliza umepata kiasi gani mwezi huu. Wewe jiulize utakuwa na kiasi gani ziwa likifungwa.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mfano. Si ya mtu fulani. Hesabu hizi nimeziweka ili tuelewe njia. Kila mmoja aweke zake. Dola tuiweke kwa franga 2,300.

Baba ni mwalimu, anapata franga 400,000 kwa mwezi. Mama anauza samaki, faida yake katika mwezi mzuri ni 500,000. Jumla ni 900,000. Wana watoto wanne. Wale wa shule ya msingi ya serikali wanasoma bure tangu 2019, lakini wakubwa wako sekondari.

Matumizi ya mwezi ni haya: unga wa bukari, mboga na chakula kingine 330,000, makala, maji na umeme 70,000, masomo 90,000, dawa 50,000, nyumba 70,000, sadaka, matanga na msaada kwa jamaa 60,000, sabuni, nguo na simu 40,000. Jumla ni 710,000. Katika mwezi mzuri inabaki franga 190,000.

Baba akitazama hiyo 190,000, anasema: ninaweza kulipa deni la pikipiki. Lakini tusonge mpaka miezi mitatu ya ziwa kufungwa. Faida ya mama inashuka mpaka 150,000. Mapato ya nyumba ni 550,000 na matumizi ni yale yale 710,000. Kila mwezi wanapungukiwa 160,000, na kwa miezi mitatu ni 480,000.

Sasa tuhesabu mwaka mzima. Miezi tisa mizuri inaacha 1,710,000. Tukitoa 480,000 za miezi mibaya, inabaki 1,230,000. Tukigawanya kwa miezi 12 ni franga 102,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya nyumba hii. Baba aliona 190,000. Ukweli ni karibu nusu yake. Na hapo bado hakuna mtoto aliyelazwa hospitali, wala kifo katika jamaa.

Gharama baada ya kununua

Watu wengi wanahesabu bei ya duka na kusimama hapo. Pikipiki inakula kila siku, kama mtoto mwingine nyumbani.

Tuseme mama au kijana wake anaenda kuchukua samaki mara 8 kwa mwezi, kilomita 80 kwenda na kurudi, na baba anaitumia mjini. Jumla ni karibu kilomita 1,000 kwa mwezi. Pikipiki ndogo ikila lita 2.5 kwa kilomita 100, ni lita 25. Lita ikiwa franga 3,000, ni 75,000. Ongeza mafuta ya injini 15,000. Magurudumu, mnyororo, breki na fundi, ukigawanya kwa miezi, 30,000. Karatasi za barabara na bima 15,000. Jumla ni franga 135,000 kwa mwezi.

Bima msiiache. Sheria ya nchi inaidai kwa kila chombo cha moto, na tangu sheria ya bima ya 17 Machi 2015 SONAS haiko peke yake tena sokoni. Mtu anaweza kulinganisha bei za kampuni zilizopewa ruhusa. Kugonga mtoto wa jirani bila bima kunaweza kuuza kiwanja chako.

Sasa tuwe wa haki: pikipiki inaleta pia akiba. Kama mama alikuwa analipa franga 15,000 kwa kila safari ya samaki, safari 8 ni 120,000. Kama baba alikuwa anatumia 40,000 kwa taxi, jumla ni 160,000 ambazo hazitatoka tena. Ukitoa 135,000 za kuitunza, inabaki faida ya 25,000 katika mwezi mzuri. Katika mwezi wa ziwa kufungwa safari zinasimama, na akiba hiyo karibu yote inapotea.

Lakini pikipiki inazeeka. Kama itafanya kazi miaka 4, inapashwa kuweka pembeni karibu dola 27 kila mwezi, yaani franga 62,000, ili siku ya kufa kwake mpate nyingine. Ukihesabu hilo, faida ya 25,000 inageuka kuwa upungufu wa 37,000.

Maana yake nini? Kwa nyumba hii, pikipiki ya kawaida iliyonunuliwa kwa feza taslimu karibu inajibeba yenyewe. Inasaidia muda, inasaidia samaki wasiharibike, inamfikisha mgonjwa hospitali usiku. Hayo ni mambo ya maana. Lakini haiwezi kubeba mzigo mwingine juu yake. Na mzigo huo mwingine unaitwa deni.

Deni linavyobadilisha bei

Nyumba yetu ya mfano inatoa dola 300 na kukopa 1,000 kwa miezi 12. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 3 tu kwa mwezi. Neno hilo “tu” lipimeni vizuri. Mara nyingi riba inahesabiwa juu ya dola 1,000 zote mpaka mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu. Asilimia 3 mara miezi 12 ni dola 360. Utarudisha 1,360, yaani dola 113 na kitu kila mwezi. Pikipiki ya 1,300 imekuwa ya 1,660.

Dola 113 kwa 2,300 ni zaidi ya franga 260,000. Nguvu ya nyumba ni 102,500. Na kama franga ikirudi pale ilipokuwa katikati ya 2025, malipo yale yale yatakuwa karibu franga 323,000, na mshahara wa mwalimu hautapanda hata franga moja. Anayepokea franga na kukopa dola amebeba madeni mawili: lile la pikipiki na lile la kushuka kwa franga. Mwaka 2023 ulituonyesha hatari hiyo.

Kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya kuna makampuni yanayompa kijana bodaboda, naye analipa kila siku au kila juma mpaka iwe yake. Tugende ya Uganda ni moja inayojulikana. Njia hiyo imewasaidia vijana wengi ambao hawangepata kitu benki. Lakini ni kwa ajili ya mtu ambaye pikipiki yenyewe ndiyo kazi yake, anayepata feza kila siku na kulipa kila siku. Mwalimu anayepata feza mara moja kwa mwezi, au mama anayepata kwa msimu, hawezi kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na juu ya ile mikopo ya mtaani tunayoiita Banque Lambert, ambapo mtu anachukua 100 na mwezi unaofuata anarudisha 150, nisiongee sana. Mithali 22 inatuonya kwamba mkopaji anageuka kuwa mtumwa wa mkopeshaji. Kununua pikipiki kwa njia hiyo ni kumnunulia mkopeshaji pikipiki.

Kuna hatari nyingine iliyofichwa: mtaji wa mama. Mara nyingi zile dola 300 za kwanza zinatoka katika feza za samaki. Baba anasema ataweka tena mwezi ujao. Mama anaenda ziwani na mtaji wa nusu, analeta samaki nusu, anapata faida nusu, na sasa nyumba inadaiwa kila mwezi. Miezi mitatu baadaye msichana wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, na pikipiki imesimama uani bila mafuta. Baba, usiguse mtaji wa mama. Hiyo ndiyo injini ya nyumba yako.

“Nitampa manseba, italeta feza”

Hili ndilo jibu la wengi: nitaitoa kwa kijana wa taxi, manseba, ataniletea feza kila siku. Tuhesabu pia.

Tuseme mmekubaliana franga 10,000 kwa siku. Wengi wanahesabu siku 26 na kuona 260,000. Hesabu siku 18. Ondoa siku za mvua kubwa, siku za fundi, siku ambazo polisi wameikamata, siku za ugonjwa na matanga. Inakuwa 180,000. Mwenye moto ndiye analipa matengenezo makubwa, weka 60,000. Inabaki 120,000. Kwa bei ya 2,990,000 utarudisha feza yako baada ya miezi 25, na chombo cha taxi chenye miaka miwili kimechoka.

Si kazi mbaya. Lakini si feza ya bure, na kijana yule naye ni mtoto wa mtu. Ukimdai 10,000 hata siku ya mvua, atakimbia kupita kiasi na kubeba watu watatu. Mpe kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Utafiti uliokusanywa duniani unaonyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Bei ya kofia iingie katika bei ya pikipiki tangu siku ya kwanza.

Je, ile ya bei kubwa?

Sasa tufike kwa pikipiki ya gharama, zile kubwa kama Yamaha AG 100 au Honda XL tunazoona kwa mashirika na kanda za afya. Tuweke dola 3,500, yaani franga 8,050,000. Nyumba yetu ya mfano, ikiweka 102,500 kila mwezi bila kukosa, ingeifikia baada ya miezi zaidi ya 78. Ni miaka sita na nusu. Hiyo peke yake ni jibu.

Tusiidharau, lakini. AG 100 ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba. Ndiyo maana inavumilia njia mbaya na mizigo. Kama kazi yako ni kuzunguka vijiji kila siku, tena shirika linalipa mafuta na vipuri, bei hiyo ina maana. Lakini shirika lina bajeti ya miaka na gari la kuleta vipuri. Nyumba ina mfuko mmoja. Kabla ya kupenda chombo, nenda kwa fundi wa mtaani kwako, umuulize mambo matatu: kipuri cha chombo hiki kinapatikana hapa? kwa siku ngapi? kwa bei gani? Kwa TVS au Boxer, mafundi wetu wana vipuri karibu. Chombo chenye nguvu kinachongoja kipuri mwezi mzima hakina nguvu.

Na tuseme ukweli mwingine. Wakati mwingine tunataka ile kubwa kwa sababu ya macho ya watu. Tunaiegesha mbele ya kanisa, na wengine wanasema Mungu amembariki. Mungu anabariki, ndiyo. Lakini baraka ambayo watoto wanailipa kwa kulala njaa, tuitafutie jina lingine.

Wazee wa Panda na Shituru wanakumbuka

Mji wetu una somo lake juu ya feza nyingi kwa mara moja. Gécamines, iliyokuwa imezalisha tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka katika miaka ya 1990. Wafanyakazi waliozoea mshahara, posho ya unga, shule na hospitali ya kampuni walikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na feza zake za mkupuo.

Wengine walilipa madeni na masomo, wengine walijaribu biashara, shamba, au gari la usafiri. Biashara nyingi hazikudumu. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa mafundi na makarani hodari. Walikuwa wamepewa mara moja feza ambazo zilipashwa kuwalisha kwa miaka, na kila kitu kilichouzwa mjini kilikuwa kinawaita. Kipimo cha nyumba ni kile kinachoingia na kutoka kila mwezi. Feza ya mkupuo haibadilishi kipimo hicho. Inakificha kwa muda.

Kwa hiyo ndugu aliyepata malipo ya mkataba, au aliyeuza kiwanja, au aliyefika zamu yake ya likelemba, asikimbie dukani juma hilo hilo. Alipe deni kwanza, aweke chakula cha mwezi mbaya, ndipo aangalie kinachobaki.

Kwa ndugu zetu wa mashariki

Najua hesabu ya Likasi haiwezi kuhamishwa yote mpaka Kivu. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango na wengi wameishi bila kufikia akiba zao. Katika hali hiyo mtu anaweza kusema: afadhali feza iwe pikipiki kuliko kuwa karatasi nisiyoweza kuigusa. Kuna hekima ndani ya neno hilo. Pikipiki inaweza kubeba familia siku ya kukimbia.

Lakini pikipiki pia ni kitu ambacho mwenye bunduki anakiona kwanza. Anayeweka akiba yote ya nyumba katika chombo kimoja anaweza kuipoteza yote katika kizuizi kimoja cha barabara. Kama mnaweza, gawanyeni: kidogo katika pikipiki ya kawaida au ya kushirikiana, kidogo katika mifugo midogo au bidhaa, kidogo katika kundi la akiba la watu mnaoaminiana. Katika vita, kitu cha bei ndogo kinachorekebishwa popote kina faida kuliko kitu kizuri kinachovutia macho.

Neno kwa makanisa

Mara nyingi kanisa la mahali linachanga ili kumnunulia mchungaji pikipiki. Ni tendo jema. Kuna watumishi wanaotembea kilomita nyingi kwa miguu. Lakini mchango unaishia siku ya kukabidhi, kwa nyimbo na picha. Kesho yake nani analipa mafuta? Nani analipa fundi? Ikiwa jibu halikuandikwa, basi jibu ni mke wa mchungaji, kutoka katika sufuria yake.

Kwa hiyo wazee wa kanisa waandike mambo manne kabla ya kuchanga: chombo ni cha kanisa au cha mtu, kiasi gani cha mafuta kwa mwezi, nani anashika feza za matengenezo, kitafanyika nini mtumishi akihamishwa. Na wachague chombo ambacho kanisa linaweza kukitunza katika miezi ambayo sadaka imeshuka. Kanisa pia lina mwezi wake mbaya.

Basi tufanye nini?

Kwanza, baba na mama waketi pamoja, na watoto wakubwa wasikie. Waandike mapato ya mwezi mzuri na ya mwezi mbaya ya mwaka uliopita, wahesabu mwaka mzima, na kugawanya kwa 12.

Pili, kwa miezi mitatu, mmoja ukiwa mbaya, waweke pembeni kile ambacho wangelipa kwa pikipiki: malipo, mafuta, fundi. Waishi kana kwamba imekwisha kufika. Wakishinda bila kukopa chumvi kwa jirani, wako tayari, tena wana feza ya kuanzia. Wakishindwa, wamejua bila kupoteza kitu.

Tatu, watafute mwenzi. Wamama wawili wanaoenda ziwani njia moja wanaweza kununua pamoja. Kwa nyumba yetu ya mfano, nusu ya bei ni franga 1,495,000, yaani karibu miezi 15 ya kuweka akiba badala ya 29. Waandike makubaliano mbele ya mashahidi: siku za nani, mafuta ya nani, na mmoja akitaka kutoka atalipwaje.

Nne, kama wanakopa, wakope katika feza ile wanayopata, kwa malipo yasiyopita nguvu ya mwezi mbaya, na waulize jumla yote watakayorudisha kabla ya kutia sahihi.

Baada ya hesabu hizi kuna nyumba zitakazosema ndiyo, na tutazipongeza. Kuna zitakazosema: mwaka huu baiskeli na taxi, mwakani tutaona. Hizo pia tuzipongeze, tusizicheke. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kwa kazi hii. Lileteni mezani juma hili, kabla ya kurudi dukani. Bwana awape umoja na hekima mnapohesabu.